Saa Saba za Zawadi: Jibu kwa Mwalimu wa Tanga

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 48. Nina saa saba za mkono na sijanunua hata moja, zote nimepewa. Ya kwanza ni Seiko 5 ya marehemu baba, aliyoletewa na kaka yake kutoka Maskati mwaka 1989. Baba aliivua mwenyewe akanivika siku chache kabla hajafariki. Nikiivaa inatembea, nikiivua usiku asubuhi naikuta imesimama. Tena aliitega kwa saa za Kiswahili: ikifika saa 12 jioni, mishale inaonyesha 12. Nyingine ni Rolex ya dhahabu ya betri kutoka kwa mjomba aliyekuwa akiishi Oman, Casio ya plastiki waliyonichangia wanafunzi wa darasa la saba, saa ya harusi kutoka kwa mke wangu iliyozima miaka mitatu na betri imo ndani, mbili za semina zenye nembo ya benki, na moja ya mwalimu mwenzangu alipohama. Nne zimezima kabisa. Fundi wa hapa anataka kuifanya ya baba iwe mpya, aipake uso na kuipiga polishi. Mdogo wangu anasema saa ile ni ya wote. Mjomba naye anakuja kwenye harusi ya binti yangu na lazima ataiulizia yake. Nitengeneze zipi? Nizitunzeje? Je, ni vibaya kumpa mtu saa niliyopewa? Na hizi saba zinaweza kuitwa mkusanyo?

Jibu:

Marahaba, mwalimu. Picha ulizotuma nimezitazama kwa lenzi, hasa ile ya mgongo wa Seiko. Nianze na la haraka: fundi wa huko asiiguse. Asipake uso, asipige polishi, asibadilishe mishale. Mshukuru, ichukue, rudi nayo nyumbani leo hii. Mengine yote uliyouliza yanaweza kungoja na yakikosewa yanarekebishika. Hilo likishafanyika, basi.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kulifanya mimi mwenyewe. Nilikuwa na mwaka wa tatu kazini. Mama mmoja aliniletea saa ya mumewe aliyefariki, mgongoni imechongwa jina na mwaka kwa herufi nyembamba za mkono. Saa ilikuwa imechubuka kila upande, nami nikataka kumfurahisha. Nikaipitisha kwenye mashine ya polishi mpaka ikameremeta. Alipokuja kuichukua hata hakuutazama uso. Aliigeuza, akapitisha kidole gumba pale yalipokuwa maandishi. Palikuwa laini. Hakunigombeza. Alinilipa, akaifunga kwenye pindo la khanga yake, akaenda zake. Tangu siku ile sijaipiga polishi saa ya marehemu, hata niombwe na wenyewe. Polishi ni kukwangua chuma, na chuma kilichokwanguliwa hakirudi.

Saa ya baba inajieleza yenyewe, ukijua pa kusoma. Tazama kifuniko cha nyuma. Kuna namba mbili zilizounganishwa kwa kistari, na nne za mwanzo ni 7009. Hilo ni jina la mashine iliyo ndani. Nne zinazofuata ni za kasha. Kisha kuna namba nyingine peke yake, na hiyo ya kwako inaanza na 8 halafu herufi D. Kwa desturi ya Seiko, tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, na ya pili ni mwezi: 1 hadi 9 ni Januari hadi Septemba, 0 ni Oktoba, N ni Novemba, D ni Desemba. Kwa hiyo saa hii ilitengenezwa Desemba ya mwaka unaoishia na 8. Mashine ya 7009 ilitumika tangu miaka ya sabini, kwa hiyo namba peke yake inaruhusu 1978 na inaruhusu 1988. Lakini wewe umeniambia baba yako mkubwa aliileta 1989. Basi ni Desemba 1988. Aliinunua ikiwa mpya kabisa.

Kuna ushahidi mwingine nimeuona pichani, nao umenigusa. Kwenye kidirisha cha siku pameandikwa Ijumaa kwa Kiarabu. Seiko huweka lugha mbili kwenye sahani ile ya siku, na saa zilizopelekwa kuuzwa Ghuba ziliwekewa Kiingereza na Kiarabu. Mwenyewe anachagua aione ipi. Kwa hiyo masimulizi ya Maskati yamo ndani ya saa. Sasa fikiria fundi angeupaka uso rangi mpya, akaweka mishale mipya na sahani ya siku aliyoitoa kwenye saa nyingine. Ungebaki na saa inayong'aa isiyoweza kuthibitisha neno lolote ulilosimuliwa na baba yako.

Na hilo la saa za Kiswahili. Umeandika kama ni kasoro inayotaka kurekebishwa. Hebu tufikiri pamoja. Saa yoyote ya tarehe hubadilisha siku pale mishale inapopita 12 mara ya pili. Kwa saa ya kawaida ni saa 6 usiku. Baba yako aliitega 12 iangukie magharibi. Maana yake ni kwamba kwenye mkono wake siku ilibadilika jua linapozama, kama wazee wetu walivyohesabu na kama dini inavyohesabu: Alhamisi jua likizama, usiku unaoingia ni usiku wa Ijumaa. Saa ya Kijapani aliifanya ihesabu siku kama anavyoihesabu yeye. Sidhani kama alifanya kwa bahati, mtu asiyejali haangalii siku inabadilika saa ngapi. Usiigeuze. Ukitaka saa ya kukuwahisha darasani unayo Casio.

Ila uwe na tahadhari moja. Mshale mfupi ukiwa sehemu ya juu, kati ya 9 na 4, meno ya kubadilisha tarehe huwa yamekwisha shikana, na ukilazimisha tarehe wakati huo unaweza kuyavunja. Kwa saa za kawaida ni kati ya saa 3 usiku na saa 10 alfajiri. Kwa saa ya baba muda huo unahamia kuanzia alasiri hadi usiku, na hapo ndipo mafundi wengi wasioijua desturi yake wangekosea. Dawa ni rahisi: zungusha mishale kwanza mpaka ule mfupi uwe chini, karibu na 6, ndipo uiguse tarehe.

Kwa nini inasimama usiku? Mashine ya 7009 ni otomatiki na haijazwi kwa mkono. Kile kidude cha pembeni ukikizungusha hakijazi kitu, ni cha kurekebisha majira tu, kwa hiyo usihangaike kukizungusha kila asubuhi ukidhani unaitia ufunguo. Kinachoijaza ni uzito wa chuma ulio nyuma, wenye umbo la nusu duara, unaozunguka kila unapotikisa mkono. Uzito ule unaikaza springi, springi inasukuma magurudumu, na mwisho wa mlolongo kuna balansi, gurudumu dogo linaloyumba huku na huku, inayopiga mara 21,600 kwa kila saa, yaani mara sita kwa sekunde. Ikiwa na afya na imejaa, inapaswa kutembea zaidi ya siku moja baada ya kuvuliwa. Yako haifiki asubuhi. Uwezekano wa kwanza ni kwamba mafuta yamekauka. Miaka inapopita hugeuka kama gundi, na springi inatumia nguvu zake zote kupigana na uchafu. Uwezekano wa pili ni mdogo lakini upo: huijazi vya kutosha. Mwalimu anayesahihisha madaftari siku nzima mkono wake hautembei kama wa mtu wa bandarini. Jaribu hivi: itikise taratibu kwa upande, kama unayeyumbisha maji kwenye kikombe, kwa dakika nyingi mpaka ijae, kisha iweke mezani na uandike imesimama saa ngapi. Ikitembea siku moja na zaidi, haina ugonjwa. Ikisimama baada ya saa chache, inataka sevisi: kufunguliwa yote, kuoshwa, kutiwa mafuta mapya mahali panapostahili. Haitaki mashine mpya. Fundi akikuambia mashine imekufa tuibadilishe, na saa inatembea mkononi, muulize nini hasa kimekufa, na umwambie kila kipande kinachotoka utakiomba.

Kuna jambo moja la siri ya kazi nitakueleza. Mafundi wa zamani walipofungua saa walikwangua alama ndogo kwa ncha ya sindano upande wa ndani wa kifuniko: tarehe, au herufi mbili, au kialama tu cha kumtambulisha fundi. Mwenye saa hazioni maisha yake yote. Mimi niliwahi kufungua saa iliyotoka Zanzibar nikakuta alama ya mzee aliyenifundisha kazi, mwezi na mwaka, kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto. Alikuwa amefariki miaka kumi nyuma. Nilikaa na kile kifuniko mkononi mpaka mteja akaniuliza kama kuna tatizo. Ya baba yako ina miaka zaidi ya thelathini, na naamini mtu aliifungua kabla ya leo. Ndiyo maana nataka atakayeifungua asafishe mashine lakini asisugue kifuniko kwa ndani.

Sasa suala la mdogo wako, maana bila hilo hupaswi kutumia hata shilingi. Mimi ni fundi, si kadhi, na neno la mwisho ni la sheikh wenu. Lakini saa za marehemu zimeniletea ndugu wengi mezani, na jambo moja nimelisikia kwa masheikh mara kadhaa. Zawadi iliyotolewa na mtu mzima wa afya na ikakabidhiwa ni hiba, imekwisha kuwa ya aliyepewa. Aliyoitoa akiwa kwenye maradhi yaliyomuua huhesabiwa kama wosia, na wosia kwa mrithi haupiti mpaka warithi wengine waridhie. Wewe unasema alikuvika siku chache kabla ya kufariki. Kwa hiyo mdogo wako huenda hana tamaa kama unavyomdhania, huenda kasoma. Mwite, muiweke saa katikati yenu, umwambie baba alivyosema na alivyofanya, umuombe ridhaa yake waziwazi. Mkishindwa, kuna njia ya ndugu wawili wateja wangu wa Ilala: kila Idi el-Fitri saa ya baba yao inahama mkono. Wanakuja nayo wote wawili, naiangalia, naifuta, anayeipokea anaivaa hapo hapo. Mwaka huu mkubwa, mwaka ujao mdogo.

Nije kwa mjomba. Mwalimu, saa ile si Rolex. Umeandika mwenyewe kwamba ni ya betri, na Rolex za betri zilitengenezwa chache sana na zimeachwa zamani. Nyingine zote ni za springi, na mshale wao wa sekunde huteleza, haurukiruki. Pichani pia rangi imechubuka kwenye pembe za kasha na chini panaonekana shaba nyeupe. Dhahabu haichubuki hivyo. Kwa upande mmoja hilo linakupunguzia mzigo, kwa sababu sisi tuliolelewa kuwa dhahabu haivaliwi na mwanamume tungekuwa na swali jingine la kujibu.

Lakini kabla hujamfikiria vibaya mjomba, jua alikokaa. Oman saa ina heshima yake kama zawadi. Sultani Qaboos bin Said, aliyetawala kuanzia 1970 hadi alipofariki Januari 2020, alikuwa akiwatunuku watu saa, na zinazojulikana zaidi ni Rolex zenye nembo ya Oman kwenye uso, lile jambia juu ya panga mbili. Walipewa maofisa, wageni, na askari waliomsaidia katika vita dhidi ya waasi wa Dhofar, kusini mwa Oman. Leo wakusanyaji wa dunia nzima wanazitafuta. Mtu aliyeishi nchi ile, akitaka kumheshimu mtoto wa dada yake, jina litakalomjia kichwani ni hilo. Alitoa alichoweza kukipata, na bila shaka muuzaji alimwapia. Heshima aliyoikusudia ni ya kweli, na ndiyo uliyoipokea.

Basi itengeneze. Ni kazi ndogo kuliko zote: betri mpya, na kama mashine imeoza kwa betri iliyovuja, mashine nyingine ya betri ya kawaida inaingia. Ivae siku ya harusi. Mjomba akiuliza, nyoosha mkono aione. Usimwambie ni feki. Hutampa faida yoyote kwa kumwambia, ila utampokonya furaha ya miaka yote aliyojua kwamba alikupa kitu kikubwa. Na kwa upande wa pili, usimuuzie mtu kwa jina la Rolex, wala usimwachie mwanao akaja kuamini ana mali. Wale wa nyumbani mwako waujue ukweli.

Casio ya wanafunzi umeiandika kwa maneno machache kama unayeomba radhi. Ni F-91W, nimeiona. Imekuwa ikitengenezwa tangu 1989, mwaka ule ule saa ya baba yako ilipofika Tanga, na haijabadilika umbo. Betri yake ni CR2016, na kwa hesabu ya kiwandani inadumu kiasi cha miaka saba. Ukitaka kujua kama ni orijino, bonyeza kitufe cha kulia ukishikilie sekunde tatu. Kioo kitaandika CASIo. Watoto wa darasa la saba walichangishana hela za maandazi wakanunua ile. Mimi ningeiweka ya pili baada ya ya baba.

Kuhusu Casio kuna habari naipenda, ya mhandisi wao Kikuo Ibe. Saa aliyozawadiwa na baba yake ilimponyoka ikaanguka ikavunjika. Kutokana na uchungu huo akaanza kuwaza saa isiyovunjika: ihimili kuanguka kutoka mita 10, ihimili maji ya shinikizo la bari 10, betri idumu miaka 10. Alitengeneza mifano karibu 200 na kuivunja, na mwaka 1983 ikatoka G-Shock ya kwanza. Nawasimulia habari hii vijana wanaokuja kujifunza kwangu, wanapocheka mtu anayelia kwa saa ya bei ndogo.

Saa ya mkeo inahitaji uifungue upesi kuliko zote. Umesema imezima miaka mitatu na betri imo ndani. Betri iliyokufa huvuja, na ule unga mweupe au wa kijani unakula sakiti. Leo isipowezekana kesho, itolewe betri hata kama hutaki kuweka nyingine. Fanya hivyo kwa saa zote zilizozima. Mkanda wake wa ngozi umekufa kwa jasho. Pima upana kati ya masikio mawili ya kasha, pengine ni milimita 18 au 20, ununue mwingine. Ule wa zamani usitupe, utie kwenye bahasha. Na saa ya mkanda wa ngozi ivue kabla ya kutawadha. Ukiivua iweke mfukoni, usiiweke juu ya ukingo wa birika. Sijui idadi ya saa za harusi zilizopotelea kwenye birika za misikiti, lakini wenye kuja kuniuliza kama nimeletewa ni wengi.

Ya mwalimu mwenzako ina kioo cha plastiki, ndiyo maana imejaa mikwaruzo. Hiyo unaweza mwenyewe: dawa ya meno nyeupe kidogo, kitambaa laini, sugua kwa duara dakika chache, futa. Usijaribu hivyo kwenye Seiko, kioo chake ni cha aina nyingine na hakitasikia.

Zile mbili za semina wape watu. Zilitolewa kwa kila aliyehudhuria, na hakuna aliyekukumbuka wewe alipozinunua. Kijana anayeanza kidato cha kwanza atafurahi.

Na hapo ndipo swali lako la kugawa saa uliyopewa. Saa ya mkono iliyouzwa kwa bei iliyoishangaza dunia ilikuwa zawadi iliyogawiwa. Mwigizaji Paul Newman alipenda mbio za magari, na mkewe Joanne Woodward akampa Rolex Daytona, mgongoni kachonga maneno matatu ya Kiingereza ya kumwambia endesha kwa uangalifu, mimi. Mwaka 1984 Newman aliivua akampa kijana aliyekuwa mchumba wa binti yake, James Cox, kwa sababu kijana hakuwa na saa. Cox aliivaa miaka na miaka. Oktoba 2017 ikauzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 17. Sikupi habari hii ili uanze kuota. Seiko yako haitakutajirisha, na anayekuambia vinginevyo anataka kukuuzia nyingine. Nakupa uone kwamba kutoa hakukufuta jina la aliyemtangulia. Maneno ya mke yalibaki mgongoni, hakuna aliyeyasugua. Kwa hiyo unaweza kumpa mwanao saa ya baba siku ukiona wakati, na ya mwalimu mwenzako ukampa mwalimu kijana. Mpe pamoja na habari yake. Ya mkeo usimpe mtu bila kumuuliza mwenyewe.

Kutunza. Tanga ni pwani, na adui yako ni chumvi na unyevu. Tafuta kopo la plastiki la chakula lenye mfuniko unaobana, weka ndani vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na kila saa uifunge kwenye kitambaa chake ili zisigongane. Kopo likae kabatini mbali na spika ya redio na ya simu, kwa sababu sumaku huifanya saa ya springi ikimbie dakika nyingi kwa siku. Ya chuma uliyoivaa mchana kutwa, ifute jasho kabla ya kuiweka. Lakini usizifungie zote daima. Saa ya springi inayolala miaka, mafuta yake yanaganda, kwa hiyo ya baba ivae angalau siku mbili tatu kila mwezi. Mimi ningeivaa Ijumaa.

Umeuliza kama saba ni mkusanyo. Wakusanyaji ninaowahudumia hupanga kwa kampuni, kwa mwaka, kwa aina ya mashine, na wakiona pengo wananunua. Wako umepangwa na watu: baba, mjomba, mke, watoto wa darasa la saba, mwalimu mwenzako. Pengo lake huwezi kulijaza kwa hela, na nakushauri usijaribu. Kinachoupungukia ni kitu kimoja, daftari. Wewe ni mwalimu, madaftari unayo. Kila saa ipe ukurasa: namba za mgongoni, nani katoa, siku gani, mahali gani, alisema nini alipokuwa akikupa, nani kaifungua na lini. Andika na yale yanayokuona haya. Ukurasa wa Casio uwe na majina ya watoto wote, ukikumbuka hata aliyetoa kidogo. Ukurasa wa mjomba uandike ukweli wa saa na ukweli wa mjomba, vyote viwili. Na wa baba uanze hivi: "Seiko 5, mashine 7009, Desemba 1988. Baba mkubwa aliileta kutoka Maskati 1989. Baba aliitega siku ibadilike magharibi." Sentensi hiyo ya mwisho isipoandikwa, fundi wa mwanao atairekebisha siku ya kwanza tu.

Mkishaelewana na mdogo wako, ileteni Dar es Salaam. Msiitume kwa basi kwenye kifurushi. Mmoja wenu aivae mkononi, ndiyo njia salama kuliko zote na itafika imejaa. Njooni asubuhi kabla ya saa 4, dirisha langu linapata mwanga wa kutosha wakati huo, na nitawafungulia kifuniko mbele yenu tuone ndani pameandikwa nini. Msiifute njiani, wala msiguse mishale. Nikiirudisha nitaitega kama nilivyoikuta.